Mzazi Ajuaye Njia, na Njia Iliyozibwa

Habari za ndovu kutoka Taita Taveta zina mtindo wake. Kiangazi kikikaza, magazeti na redio hutuletea mama aliyemkinga mwanawe kwa mwili wake, baba aliyekesha shambani na kijana wake wakipiga madebe hadi alfajiri, nyanya aliyemsukuma mjukuu nyuma ya mti. Tunasoma, tunatikisa vichwa, tunasifu. Kisha tunafungua ukurasa wa siasa.

Mimi sifa hizo zimeanza kunichosha. Wazazi hao ni majasiri, hilo halina ubishi. Lakini ujasiri ni akiba ya mwisho ya mzazi, anayoigusa pale mambo mengine yote yanapokuwa yamemwishia, na sisi tumeifanya ndiyo hadithi nzima. Ukiichungua historia ya kaunti hii, kuanzia kingo za Ziwa Chala hadi nyika ya Voi, utaona kwamba mzazi na mtoto walionusurika porini waliokolewa na mambo mawili ya kawaida kabisa. Mzazi alijua pa kwenda, na njia ya kwenda huko ilikuwa wazi. Lilipokosekana moja, la pili halikufaa kitu.

Tuanze Chala penyewe. Ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji. Ukubwa wake ni kama kilomita nne za mraba tu, lakini kina chake kinapita mita 90. Huoni mto unaoliingia wala unaolitoka. Maji yake ni mvua iliyonyesha kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ikazama ardhini na kuja kuibukia humo. Ukisimama ukingoni unayaona maji mbali chini, yamezungukwa na kuta za mwamba na vichaka, na kushuka ni kwa vijia vichache vya mawe.

Mtazame mama wa pale akishuka na mtoto. Wakishuka, mama hutangulia, ili mtoto akiteleza amwangukie yeye. Wakipanda, mtoto hutangulia, kwa sababu ileile. Wakifika chini, mtoto huonyeshwa jiwe la kusimama, na haruhusiwi kuhamia jingine hata kama liko karibu zaidi na maji. Mama huchota huku macho yake hayako kwenye mtungi bali kwenye maji ya mbele yake. Hapana hotuba inayotolewa hapo. Mtoto anajifunza kwa kupangiwa mahali pa mguu wake, siku baada ya siku, mpaka naye awe mkubwa wa kumpangia mwingine.

Maji hayohayo yana mamba. Mwaka 2002 kijana mgeni kutoka Uingereza aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea humo. Simtaji ili kumlaumu marehemu. Chala huvutia macho, na mgeni yeyote angeweza kuyaona maji yale akatamani kuyaingia. Namtaja kwa sababu msiba ule unatuonyesha thamani ya jambo ambalo halipimwi wala halilipwi: kuwa na mtu wa mahali hapo anayekwambia usimame kwenye jiwe lipi.

Wasafiri wa karne ya 19 waliofika Chala waliandika masimulizi ya wenyeji kwamba zamani palikuwa na kijiji hapo, kikadidimia chini na watu wake na mifugo yake, na kwamba bado husikika ng'ombe wakilia na jogoo wakiwika kutoka majini. Wasomi wameichukua hadithi hiyo kama kumbukumbu ya volkano. Huenda. Mimi naisikia pia kama kazi ya mzazi mwenye akili. Ukitaka mtoto wa miaka sita asisogelee ukingo wa mwamba, usimpe somo la jiolojia. Mpe kijiji kilichomezwa, na jogoo anayewika chini ya maji.

Na ziwa lenyewe lina kumbukumbu ndefu kuliko hadithi zote. Mwaka 2016 watafiti walichimba matope ya sakafu yake, matabaka yaliyotulia mwaka juu ya mwaka kwa takriban miaka 250,000. Humo imeandikwa mvua na ukame wa pembe hii ya Afrika, majira yaliyonenepa na majira yaliyokonda. Tunalopaswa kulichukua hapo ni dogo na zito. Ukame si mgeni kwetu. Haujawahi kuwa mgeni. Watu na wanyama wa nyika hii waliishi nao kwa kuhama kwa wakati, kwenda mahali wanapopajua, kupitia njia wanazozijua.

Njia hizo ziliwapeleka wengi Taveta. Kando ya Mto Lumi, mwendo mfupi kutoka Chala, palikuwa na msitu mnene ambao leo umebaki vipande, msitu mdogo wa Kitobo ukiwa mmojawapo. Wataveta kwa masimulizi yao wenyewe ni watu waliokusanyika humo kutoka pande mbalimbali, Upare na Taita, Uchagani na kwingineko, kila ukoo ukikimbia janga lake. Msafiri Charles New alipopita mwaka 1871, na msafiri mwingine, Joseph Thomson, mwaka 1883, walikuta kijia chembamba kikipenya katikati ya miti na kufungwa kwa magogo mazito. Wapiganaji waliotamba uwandani hawakupenda kuingia gizani humo. Ndani, nyuma ya magogo, palikuwa na migomba, mifereji ya maji na watoto wakicheza.

Tunapozungumza juu ya pori tunalifikiria kuwa mahali pa hatari ambapo mzazi humwokoa mtoto. Kwa waliokimbilia Taveta, pori ndilo lililokuwa nyumba, na hatari ilikuwa nje yake. Ila lilikuwa nyumba kwa sababu lilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mwenyeji anayekubali kuondoa gogo. Undugu wa kuchanjiana, biashara, na ndoa zilizofungwa wakati wa shibe ndizo zilizofanya gogo liondoke wakati wa njaa.

Mtihani mkubwa wa utaratibu huo ulikuja mwaka 1884. Mvua zilikosekana Taita, na ikaingia njaa ambayo Wataita waliipa jina la Mwakisenge. J. A. Wray, mmisionari wa Church Missionary Society (CMS) aliyekuwa amefika Sagalla mwaka uliotangulia, aliishuhudia. Milima iliyozoea kulisha watu ikawa haina kitu. Wazazi wakashuka na watoto wao nyikani. Wapo waliovuka karibu kilomita 70 za tambarare kavu kutoka Bura hadi Taveta. Wapo waliokwenda Ukambani, na wapo waliokata nyika ya Taru kuelekea pwani, wakihesabu safari kwa ngurunga, yale mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua. Aliyejua ngurunga ya Maungu iko wapi alikuwa na mtoto hai. Asiyejua, au aliyefika akaikuta imekauka, Mungu ndiye aliyejua mwisho wake.

Mwakisenge haikuwa hadithi ya kupendeza. Wapo wazazi waliomweka mtoto rehani kwa chakula, kwa majirani au kwa wafanyabiashara, wakiamini watamkomboa mvua zikirudi. Baadhi ya watoto hao hawakurudi. Kwa macho ya leo ni rahisi kumhukumu mzazi wa namna hiyo, tukiwa tumeketi na vikombe vya chai. Lakini hesabu aliyoipiga ilikuwa hii: nyumbani kwangu mwanangu atakufa wiki hii, kwa yule bwana atakula. Mzazi alibaki na maarifa ya aina moja tu, ya kujua nani ana ghala. Njia nyingine zote zilikuwa zimefungwa na jua, na ya rehani ndiyo iliyobaki wazi. Mzazi huchagua miongoni mwa milango iliyo wazi, na tunapotaka kumpima, haki ni kwanza tuitazame milango.

Mwaka 1915 milango ilifungwa kwa amri. Vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimefika kaunti hii mapema, kwani Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Waingereza wakawashuku watu wa Kasigau, mlima ulio upande wa kusini wa Voi, kwamba wanawasaidia adui. Vijiji vyao vikachomwa, na watu, wazee kwa watoto, wakahamishiwa Malindi.

Fikiria ujuzi uliohamishwa pamoja nao. Mama wa Kasigau alijua kila kijito kinachoteremka mlimani, mti upi una tunda mwezi gani, bonde lipi lina nyati. Malindi ujuzi huo ulikuwa haununui hata kibaba cha mahindi. Hakuujua udongo wa huko wala mbu wake, na mwili wake na wa mwanawe haukuwa umezoea homa za pwani. Wengi walikufa kwa malaria na njaa. Walionusurika waliruhusiwa kurudi nyumbani katika miaka ya 1930, maana yake mtoto aliyeondoka akibebwa mgongoni alirudi akiwa mtu mzima, na mlima aliostahili kufunzwa na mamaye akawa anaufahamu kwa kusimuliwa tu. Ujasiri wao ulikuwa uleule wa Mwakisenge, na upendo pia. Kilichowaua ni kuondolewa mahali ambapo maarifa yao yana kazi.

Nimewataja watu kwanza ili nisiambiwe naanza na ndovu kama afanyavyo kila anayeandika juu ya Tsavo. Ila ndovu nao wana la kutufundisha kuhusu mzazi na mtoto, na ushahidi wao umehesabiwa kwa uangalifu kuliko wetu.

Katika ukame wa 1970 na 1971, ndovu wanaokadiriwa kufika 6,000 walikufa Tsavo. Wengi walikuwa majike na watoto wao. Hawakufa kwa kiu. Majike wenye watoto wadogo hawawezi kwenda mbali na maji, kwa hiyo walikaa karibu na mito mpaka wakamaliza kila jani na gome la kando yake, wakafa njaa huku maji yapo. Madume, wasio na mtoto wa kumsubiri, walikwenda mbali na wengi wao wakapona. Mama alibaki kwa ajili ya mtoto, na kubaki huko ndiko kulikowamaliza wote wawili.

Sasa nenda Tarangire, Tanzania, mwaka 1993. Ukame ulipiga mbuga ile, na watafiti waliokuwa wakifuatilia makundi ya ndovu walihesabu watoto 16 kati ya 81 waliokufa katika miezi tisa. Ni asilimia 20, wakati miaka ya kawaida hufa kama asilimia 2. Lakini vifo havikugawanyika sawasawa. Makundi yaliyotoka nje ya mbuga kutafuta malisho na maji kwingineko yalipoteza watoto wachache. Kundi lililobaki ndani lilipoteza wengi. Katika yale yaliyotoka walikuwamo majike wazee, wenye umri wa kutosha kuwa waliuona ukame wa 1958 hadi 1961. Lile lililobaki lilikuwa limeporwa wazee wake na majangili katika miaka ya 1970 na 1980. Charles Foley na wenzake, walipochapisha matokeo hayo mwaka 2008, walidokeza kwamba huenda nyanya wale walikumbuka walikopelekwa na mama zao miaka zaidi ya 30 nyuma.

Watu wengi wanaoisimulia habari hiyo huishia kwenye sifa za kumbukumbu ya ndovu. Wanasahau nusu ya pili. Nyanya yule alikumbuka, akatoka. Aliweza kutoka. Laiti Tarangire ingekuwa imezungushiwa ua, kumbukumbu yake ingemfikisha kwenye waya, akasimama hapo na wajukuu zake.

Voi tuna mfano wa upande mwingine. Shirika la Sheldrick, lililoanzishwa mwaka 1977 kwa jina la David Sheldrick, msimamizi wa kwanza wa Tsavo East, linalea ndovu mayatima hapo. Mkewe, Daphne Sheldrick, alihangaika kwa miaka mingi kutafuta maziwa yanayomfaa mtoto mchanga wa ndovu, mpaka akagundua kwamba mafuta ya nazi yanaweza kushika nafasi ya mafuta ya maziwa ya mama. Watunzaji hulala na mayatima, huwafunika mablanketi, huwachezesha tope. Yote ambayo mama hutoa kwa mwili wake, binadamu amejitahidi kuyaiga. Lakini yatima akikomaa hakabidhiwi ramani na mtunzaji. Huungana taratibu na mayatima waliomtangulia na makundi ya porini, na hao ndio humwonyesha mto upi una maji chini ya mchanga mwezi wa Septemba. Maziwa yamepata mbadala. Njia haijapata.

Mchanga huo ni mahali pazuri pa kutazama ninachokisema. Mto Voi ukikauka juu, maji hubaki chini. Ndovu jike huchimba kwa mguu wa mbele na mkonga, hutoa mchanga, hungoja. Maji huchuruzika polepole. Hunywa, mtoto hunywa, na wakiondoka huja swala, ngedere na ndege. Binadamu wa nyika hii hufanya vilevile, kwa jembe na kata. Mama huchimba, mtoto hushuka shimoni kwa kuwa yeye ni mwembamba, hukinga kata chini ya mahali panapotona, hungoja ijae, hupandisha. Mtungi wa lita 20 unaweza kumaliza asubuhi nzima. Hapo mtoto hufundishwa kusikiliza, kwa sababu aliye shimoni haoni kinachokuja. Anayeona ni mama, na mama huchagua shimo la kuchimba kwa kuangalia kwanza upande wa kukimbilia.

Na hapo ndipo tulipofika mwaka huu na miaka mingi iliyopita. Upande wa kukimbilia unapungua.

Kiasi cha asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta ni mbuga za Tsavo East na Tsavo West, zilizotengwa mwaka 1948. Iliyobaki imegawanyika kati ya ranchi, mashamba makubwa ya mkonge, miji, migodi na vijiji. Ndovu hawakushirikishwa katika mgawanyo huo, na hata wengi wa wakazi hawakushirikishwa. Kila mmoja amebaki na kumbukumbu ya njia ambazo sasa zinapita katikati ya ua wa mtu. Ndovu anayejua kwamba bibi yake alipita hapa kwenda Lumi hukuta shamba la mahindi. Mtoto anayejua kwamba babu yake alipita hapa kwenda kisimani hukuta lango la ranchi, akazunguka kupitia kichakani, na kichakani humo ndimo ndovu naye alimozungukia. Wote wawili wamefuata walichofundishwa na wazazi wao. Tumewakutanisha sisi.

Maji yenyewe hupita karibu. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo West, zimekuwa zikipeleka maji Mombasa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 tangu miaka ya 1950. Wakazi wa kaunti wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba bomba linawapita na kiu inabaki. Kila familia isiyo na bomba ni mtoto mmoja zaidi anayekwenda mtoni saa ambazo wanyama nao huenda mtoni. Kwa nini basi tunashangaa wakikutana?

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema familia ya aliyeuawa na mnyama italipwa shilingi milioni 5, aliyepata ulemavu wa kudumu milioni 3, na aliyejeruhiwa hadi milioni 2. Ni hatua kubwa ukilinganisha na ilivyokuwa zamani, ingawa malalamiko ya fidia kucheleweshwa hayaishi. Lakini itazame sheria hiyo kwa jicho la mzazi. Imeweka bei ya mtoto aliyekufa. Haikuweka senti kwa njia ambayo ingemfikisha nyumbani akiwa mzima. Fidia ni haki, na ilipwe haraka. Ila fidia huanza kazi pale mzazi alipokwisha kushindwa, na mara nyingi alishindwa kwa sababu tulimfungia upande wa kukimbilia.

Najua jibu litakalotolewa, maana hutolewa kila kikao. Tuzungushe ua wa umeme mbuga nzima, mambo yaishe. Mkulima ambaye ndovu wamelala shambani mwake mara tatu msimu mmoja, sitamwambia ua ni jambo baya. Zipo sehemu ambapo ua umeleta usingizi. Lakini ukame wa 1970 umetuonyesha mama na mtoto wakifa njaa mahali walipokwama, na wa 2022, ambao ulikuwa mbaya kuliko mingine katika miaka 40, uliua ndovu 205 nchini kati ya Februari na Oktoba kwa hesabu ya serikali yenyewe. Ndovu aliyefungiwa na njaa hatulii. Hutafuta nguzo dhaifu, na akitoka hapo hutokea mahali ambapo hakuna aliyemtarajia, hata yule mama wa mtoni mwenye kujua kila kitu. Ua unaofaa ni ule uliopangwa pamoja na njia: hapa pamezibwa, pale pameachwa, na kila mtu, hata mtoto wa darasa la kwanza, anajua pale ni wapi.

Wahandisi wa reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017 walielewa jambo hilo kiasi. Waliinua tuta na kuacha vivuko chini ya reli ndani ya Tsavo, na ndovu wamevitumia baadhi yake. Kwa ndovu, nchi hii imeweza kukaa mezani na kuuliza, huyu hupita wapi? Ni swali jema. Naomba liulizwe pia kuhusu mtoto wa Chala anayekwenda shule kabla ya jua kuchomoza, na mama wa Marungu anayekwenda kutafuta kuni.

Wengine watasema maarifa ya wazazi yamepitwa na wakati, kwamba kijana wa leo ana simu na anaweza kupiga nambari ya Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS). Apige, na askari wafike. Lakini simu humwita askari baada ya ndovu kuonekana. Mama huepuka kuonana naye tangu mwanzo. Kumwachia mzazi ujuzi huku tukimnyang'anya mahali pa kuutumia ni sawa na kumkabidhi ufunguo wa nyumba tuliyokwisha kuibomoa.

Yapo mambo matatu yanayowezekana bila kungoja mfadhili. La kwanza, serikali ya kaunti, inapopanga matumizi ya ardhi, iandike njia za watu sambamba na njia za wanyama: za kwenda majini, shuleni, malishoni na sokoni. Iziandike kwa kuwauliza wanaozipita, hasa akina mama na wachungaji wadogo, kabla ya kuidhinisha ua, ranchi au shamba jipya. Anayetaka kuziba njia na aonyeshe kwanza nyingine iliyo salama. Kama ndovu wanapewa ushoroba kwenye ramani, ukoo wa Wataveta uliotembea mahali hapo kwa karne moja na nusu unastahili mstari mwembamba pembeni yake.

La pili ni maji. Kila kioski cha maji kinachojengwa karibu na nyumba huondoa safari moja ya alfajiri, na safari isiyokuwepo haina haja ya shujaa. Wakazi wanaopitiwa na bomba la Mzima wana hoja, na hoja yao ni ya usalama wa watoto kabla ya kuwa ya siasa za Mombasa na Voi.

La tatu ni shule. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini porini ulimwengu hufunza mara moja tu. Mtaala wa umilisi unazitaka shule ziwashirikishe wazazi, na wazazi wengi wamebaki kuitwa kuleta makopo na majani ya migomba kwa ajili ya kazi za mikono. Waitwe kwa kazi ya maana. Mama anayejua kusoma upepo, mahali pa kupita ndovu wakiwa na watoto wadogo, jiwe la kusimama Chala na jiwe la kuepuka, aingie darasani Chala, Kasigau au Mbololo afundishe. Alipwe posho kama mkufunzi mwingine. Mtoto ambaye mamaye alihamia juzi kutoka mjini, na asiye na nyanya wa mahali hapo, atakuwa amepata nyanya.

Hayo hayataondoa hatari. Chala itabaki na mamba wake, Tsavo itabaki na ndovu wake, na sitaki iwe vinginevyo. Wazazi wa kaunti hii hawajawahi kudai wahakikishiwe usalama wote. Wamedai, tangu enzi za magogo ya Taveta, kwamba mlango uachwe wazi na wao watafika wenyewe na watoto wao. Tukiwafungulia, tutaendelea kuwasifu kama tulivyozoea, na wao hawatakuwa na haja kubwa ya sifa zetu.